Nafasi Kati ya Mikono

Kila mwaka, mvua zikikaribia, Baba Kodiani alikuja kwenye baraza nilipokuwa nikishona, akaitua kodiani yake sakafuni, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayemkumbatia mwenziwe, kisha akaniambia nipime nafasi iliyobaki katikati. Nilipitisha utepe ndani ya mduara wa mikono yake. Hicho ndicho kilikuwa kiuno. Kwa bega, alijigusa chini kidogo ya kidevu. Kwa pindo, aliinama akashika hewa juu ya vifundo vya miguu ambayo haikuwapo.

Alisema gauni ni la mkewe, na mara ya kwanza nilimshauri amlete mke mwenyewe, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi.

"Hawezi kuja," alisema. "Iko mbali kidogo. We pima tu, fundi. Hii mikono haisahauke."

Nikapima, nikashona, akalichukua gauni akiwa ameliweka begani kama taulo. Mwaka uliofuata akaja tena. Mikono ikanyooshwa, na utepe wangu ukaonyesha kwamba mduara umepungua. Nikamwambia labda amechoka, ashushe mikono kidogo, aanze upya.

"Hapana. Amekonda. Kule chakula haiko sawa ya huku."

Nilikata kama alivyotaka. Wakati huo sikujua kwamba mke wa Baba Kodiani alizama ziwani kabla mimi sijafika Baraka, na kwamba mwili wake haukuwahi kuonekana.

Nilifika Baraka mwanzoni mwa miaka ya hamsini na cherehani moja. Mfanyabiashara mmoja alinipa kona ya baraza yake, kwenye njia inayotoka sokoni kwenda ufukoni. Fundi nguo aliyekaa mahali pazuri hahitaji kutafuta habari. Asubuhi nilipima kanzu ya mzee wa mtaa wa Waislamu. Saa nne alikuja katekista na suruali iliyopasuka goti. Mchana, wake wa walimu wa misheni ya Kiprotestanti waliniletea vitambaa na picha zilizokatwa gazetini. Na msimu wa pamba, makarani wa ghala walitaka kaptura zilizonyooka kama ubao. Mtu anayepimwa husimama kimya kwa muda mfupi, halafu huanza kusema. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikumkatiza.

Nyumba ya Baba Kodiani ilitazamana na baraza yangu, ng'ambo ya njia. Alikotoka sikujua, na waliodai kujua walitaja mahali mbalimbali. Hata dini yake ilikuwa na mgogoro. Ijumaa alikaa nje ya msikiti, mgongo ukutani. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa la mapadri, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na kabla misa haijaisha alikuwa ameshafika dirishani kwa Waprotestanti. Shehe alisema huyu ni wetu, amepotea njia tu. Katekista alisema huyu alibatizwa, anaona aibu kuungama. Mwalimu wa kwaya ya Waprotestanti alimuuliza waziwazi siku moja, hapo hapo mbele yangu.

"Baba, weye unasalia wapi hasa?"

"Mi sisali. Mi nasikilizaka."

"Unasikiliza nini?"

"Pale munakosea sauti," akajibu.

Alikuwa mwembamba, na bega moja lilikuwa chini ya jingine kwa ajili ya mkanda wa kodiani. Alipenda sukari kuliko mtoto. Alikula ugali kwa maharage, kwa sombe la majani ya muhogo, kwa chochote, ila samaki hakugusa, na hilo katika Baraka ni sawa na kusema huvuti hewa. Bamama waliouza ndagala, dagaa wa ziwani, walimtania kila alipopita: "Baba Kodiani, kuja utuoe, tutakupikia mawe!" Naye alijibu, "Mawe muzuri. Mawe haikulake muntu." Wakacheka, lakini niliona mmoja wao akiacha kucheka kabla ya wenzake.

Maji ya ziwa hakuyagusa kabisa. Alioga kwa maji ya mvua na ya kisima. Njia yake ya kwenda kisimani ilizunguka nyuma ya nyumba, ndefu mara mbili, ili asikanyage mchanga. Mlango wake hakuufunga sawasawa. Hata upepo wa ziwa ulipovuma kwa nguvu, aliuacha wazi kwa kiasi cha kiganja na kuweka jiwe usijifunge. Chai aliacha kidogo chini ya kikombe. Nilidhani ni tabia za mtu anayeishi peke yake, mpaka nilipojifunza desturi ya pale.

Desturi yenyewe ni hii. Ziwa likimchukua mtu na mwili usionekane, watu wa Baraka humwita kwa muziki. Hawabagui. Waislamu hushuka na matari yao, Wakatoliki huleta ngoma ya kanisani, Waprotestanti hupanga sauti zao nne, na wakulima wa milimani, wakiwapo, hupiga ile ngoma ya mti mtupu isiyo na ngozi, ambayo mlio wake unausikia tumboni kabla ya sikioni. Kila aliyepotea huchaguliwa wimbo wake. Kazi ya kuuchagua na kuwaongoza wote ilikuwa ya Baba Kodiani. Yeye alisimama juu, pale majani yanapoishia na mchanga kuanza, akawapigia kutoka huko.

Na wimbo huo haumalizwi. Wakichoka, wanaukata katikati ya mstari, hata katikati ya neno, na kesho yake wanaushika pale pale walipouacha. Wimbo ulio wazi ni mlango ulio wazi. Aliye majini anaweza kuupata. Mwili ukishatoka, ndipo unaimbwa mpaka mwisho, na mwito unakuwa umefungwa. Mwitaji haangalii kinachotoka. Na kuna sharti moja zaidi, ambalo wavuvi walinieleza kwa sauti ya chini: mahali pamoja pa maji pana wimbo mmoja. Wa kwanza usipofungwa, wa pili haupiti.

Niliwahi kuona mara tatu au nne watu wakirudi kwa njia hiyo. Ninasema nilichoona: waliimba, na baada ya siku chache maji yakamleta mtu ufukoni. Mwuguzi wa dispanseri aliniambia kwamba mwili wowote huelea ukishakaa majini, hata wasioimbiwa. Huenda. Lakini yeye mwenyewe, alipozama shemeji yake, alikuwa mstari wa mbele na ngoma mkononi.

Kuwaweka watu hao pamoja haikuwa kazi nyepesi. Wenye matari walitaka kwenda haraka, kwaya ilitaka kwenda taratibu, na wenye ngoma ya mti hawakumngoja yeyote. Siku moja ugomvi ulichemka mbele ya baraza yangu, kila upande ukidai ndio uanze. Baba Kodiani aliwaacha mpaka wakamaliza pumzi.

"Mumemaliza? Sasa nani kati yenu ni mukubwa?"

Kila mmoja akasema yeye.

"Muzuri. Mukubwa ataanza mwisho. Mukubwa hakimbiake."

Hapo kila mmoja akataka kuwa mdogo, na mazoezi yakaanza kwa vicheko. Tangu siku hiyo niliona watu ambao hawakuwahi kula sahani moja wakiazimana matari na kufundishana mapigo. Binti wa mtaa wa Waislamu alijua sauti ya pili ya nyimbo za Kiprotestanti kuliko walioziandika daftarini. Na wafugaji waliposhuka kutoka juu Minembwe na ng'ombe wa kuuza, wakiwa wamejifunga mashuka yao na kuegemea fimbo, nao walipewa kazi ya kupiga makofi, kwa sababu walijua kukaa juu ya pigo moja kwa muda mrefu bila kuyumba. Baba Kodiani aliwaita "bale ba saa."

Desturi hii ilitutia aibu mbele ya wageni. Kulikuwa na harusi, bibi harusi wa Makobola na bwana wa kwetu. Mvua ilianguka ghafla watu wakiimba, wakakimbia, wimbo ukakatika katikati ya neno. Popote pengine ungekuwa umeishia hapo. Watu wa Baraka hawakulala vizuri. Asubuhi, kabla jua halijapanda, wote walikuwa mlangoni mwa maharusi na ngoma zao, wakaanza na nusu ya neno iliyobaki, wakaimba mpaka mwisho, kwa sababu wimbo ulioachwa wazi juu ya nyumba unaita kitu ambacho hakuna aliyekialika. Mama wa bibi harusi alitoka nje na khanga kichwani akipiga kelele: "Nani amekufa? Munalilia nani?" Hakuna aliyejua namna ya kumweleza. Kwao Makobola hadithi ikafika kwamba huku tunawaimbia maharusi msiba.

Bwana wa posti, Mbelgiji mtawala wa pale, naye alikuwa na kisa chake. Alisikia muziki huo akaupenda, akataka upigwe siku alipompokea mgeni wake kutoka Uvira. Viti vikapangwa, bendera ikapandishwa, vikundi vyote vikasimama pamoja. Mambo yalikwenda vizuri mpaka bwana alipomwambia Baba Kodiani apige ule wimbo anaoupiga kila siku asubuhi nyumbani kwake, ule unaokatika, lakini leo aupige wote.

Sote tuliujua wimbo huo. Ulikuwa wa mkewe. Kila asubuhi aliupiga mlangoni tangu mwanzo, polepole, mpaka mahali fulani sauti inapopanda kama mtu anayevuta pumzi aseme jambo, na hapo akaukata. Baraka nzima iliamka kwa wimbo huo. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi hata mkono wangu ulisimama wenyewe kwenye gurudumu la cherehani pale unapokatika.

Aliupiga mbele ya mgeni. Ukapanda. Ukakatika. Bwana akapiga makofi, akasema endelea.

"Kodiani imekufa, bwana," alisema Baba Kodiani, akaivuta ikatoa mlio wa mbuzi mgonjwa.

Mgeni akacheka. Bwana hakucheka. Alimwamuru mara ya pili na ya tatu, na mara zote kodiani ikawa imekufa. Alilala kachot, mahabusu ya posti, kwa ajili hiyo, na kodiani ikafungiwa ofisini. Alipotoka, akiwa amerudishiwa kodiani, alipita kwenye baraza yangu kuomba maji ya kunywa, nikamuuliza kwa nini hakuupiga tu, mara moja, yaishe.

"Yaishe nini?" akaniuliza. "Fundi, we unajua kitu ya kufunga mulango na muntu iko inje?"

Siku hiyo ndipo aliponieleza kuhusu magauni. Alimpa mvuvi wa Ubwari, rasi ya ng'ambo, kila moja, na mvuvi huyo aliliachia majini akivuka, mahali panapoitwa Maji Meusi, ambapo ziwa linabadilika rangi na mitumbwi hupenda kupinduka. Mkewe alizama hapo. Na yeye asiguse maji, kwa sababu mlango ulio wazi hupitika pande zote mbili, na mwenye wimbo ndiye wa kwanza kuvutwa. Aliyasema hayo akilamba sukari kutoka kiganjani, kama mtu anayeeleza bei ya pamba. Nilimuuliza kama hafikiri magauni yanaoza tu huko chini.

"Mwaka huu ameomba maua," alisema. "Tafuta kitambaa ya maua ya njano."

Sikuuliza ameomba vipi. Nilitafuta.

Sasa nifike kwa mama wa Lubondja, kwa sababu bila yeye mambo yangebaki hivyo mpaka leo.

Alikuwa mkulima wa kijiji cha Lubondja, milimani, mjane, mwenye kuleta unga wa muhogo sokoni kwetu. Mwanawe wa pekee, kijana mkubwa, alivuka kwenda Ubwari kununua ndagala. Mtumbwi ulipinduka Maji Meusi. Wenzake walishika ubao wakaokolewa, yeye hakuonekana. Vikundi vyote vikashuka ufukoni. Ila safari hii Baba Kodiani hakutoka nyumbani. Waliimba bila yeye, na kila jioni wakaukata wimbo, na kila asubuhi wakaushika, na ziwa likabaki limenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Maji hayo yalikuwa na wimbo tayari.

Watu waliona haya kumwambia. Mama wa Lubondja hakuona. Alikuja akakaa kwenye kizingiti cha Baba Kodiani, miguu imenyooshwa njiani, na kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, nilisikia kila neno.

"Baba, sikuje kukusumbua."

"Unanisumbua."

"Basi nitaendelea."

Baba Kodiani akatoka na kuja kwangu kuomba uzi ambao hakuuhitaji. Akarudi. Mama alikuwa hapo. Kesho yake alikuwa hapo, na kesho kutwa. Majirani walimletea uji, akaugawia kuku. Wimbo wa asubuhi ulipigwa juu ya kichwa chake, ukakatika kama kawaida, naye alitikisa kichwa kila ulipofika pale.

"Ni wimbo muzuri," alimwambia siku moja. "Bibi yako iko na wimbo. Wangu iko na nini?"

"Banamuimbia kule chini. Nasikia."

"Banaimbia ukuta. Na weye njo umeweka huo ukuta."

Mimi nilikuwa nimeacha kuzungusha cherehani.

"Mama," alisema Baba Kodiani, na sauti yake haikuwa ile ya utani, "nikifunga, atafikiri nimemuchoka. Miaka yote ile anasikia mulango iko wazi. Siku moja anasikia inafungwa. Atafanya nini kule, peke yake?"

"Na wangu atafikiri sikumuita," alisema mama. "Iko kule tangu juma lile, na mama yake hamuite. Bibi yako anajua jina yako. Ule mutoto anajua jina ya nani kule?"

Baba Kodiani aliingia ndani. Nilisikia akizungumza humo, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, kama mtu na mkewe wanaposhauriana juu ya mgeni. Alisema, akanyamaza kwa muda wa kujibiwa, akasema tena. Mama wa Lubondja alinitazama ng'ambo ya njia. Alikuwa amesikia pia. Alijifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akainuka kutoka kizingitini kama mtu aliyegundua kwamba amekaa mlangoni pa watu wawili.

Adhuhuri, jua likiwa juu kabisa na kila kitu kimepoteza kivuli chake, Baba Kodiani alitoka na kodiani kifuani, akashika njia fupi ya ufukoni. Nilifunga duka nikamfuata. Watu walipomwona anakanyaga mchanga, matari yalinyamaza, ngoma ya kanisa ikanyamaza, na kwa muda hakukuwa na mlio wowote Baraka nzima, hata wa mbwa. Alisimama hatua chache kabla ya maji. Akavuta.

Alianza wimbo wa mkewe tangu mwanzo. Kwaya ikaingia taratibu, matari yakaingia chini yake, wafugaji waliokuwa wameshuka siku hiyo wakashika makofi, na ngoma ya mti ya watu wa Lubondja ikaja mwisho, kama alivyowafundisha, mkubwa hakimbii. Nimesikia muziki mwingi maishani. Sijasikia watu wengi hivyo wakiwa na pumzi moja. Ukapanda, ukafika pale pa kukatika.

Na sisi sote tukanyamaza. Hakuna aliyetuamuru, miaka ya kuamka kwa wimbo huo ilikuwa imetufundisha, na sauti zote zikaishia pamoja, kwa neno lile lile. Kodiani ikaendelea peke yake.

Kipande kilichobaki kilikuwa kifupi. Hakuna aliyewahi kukisikia. Kilishuka badala ya kupanda, kikazunguka mara moja, kikakaa chini kama mtu anayeketi baada ya safari. Hapo nilisikia, na shehe aliyekuwa kando yangu aliniambia baadaye kwamba alisikia pia, sauti ya mwanamke ikiimba pamoja na kodiani, ndogo, ya mtu asiye na haja ya kusikika mbali. Niliwatazama wanawake wa kwaya mmoja mmoja. Midomo yao yote ilikuwa imefungwa.

Baba Kodiani akaikunja kodiani, akafunga mkanda wake, akayapa maji mgongo, akapita katikati yetu kwenda nyumbani. Kisha nilisikia mlango wake ukijifunga.

Kijana alitoka kabla vivuli vya nyumba havijafika majini. Wavuvi waliingia mpaka kiunoni kumpokea. Nikaona wakisimama, wakitazamana, kisha wakamleta polepole sana. Alikuwa amefunikwa, kutoka mabegani mpaka magotini, na gauni la maua ya njano.

Niliitwa, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Ulikuwa mshono wangu. Pindo lina alama ninayoiweka kwa uzi wa buluu. Kulikuwa na jambo jingine. Mshono wa bega la kushoto ulikuwa umefumuka na kushonwa upya kwa mkono. Huo haukuwa wangu.

Mtu anaweza kusema mvuvi fulani aliliokota gauni, akampa mkewe, mke akalitengeneza, na baadaye likaanguka majini tena. Nilisema hivyo. Kisha niliuliza Ubwari yote, kijiji kwa kijiji, kwa kupitia wateja wangu, na hakuna mwanamke aliyewahi kuliona.

Mama wa Lubondja hakutaka livuliwe. "Alikuja amefunikwa," alisema, "azikwe amefunikwa. Kuna muntu alimufunika." Akazikwa nalo. Na ufukoni hapo wazee wa mitaa yote walikubaliana kwamba Baba Kodiani asiambiwe. Ametoa alichokuwa nacho, walisema, tusimrudishie nusu.

Hakupiga tena. Asubuhi za Baraka zikawa na jogoo tu. Mvua zilikaribia, zikanyesha, na hakuja kunyoosha mikono. Alipita mbele ya baraza yangu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mlango wake ulifungwa usiku na mchana, na chai aliimaliza yote. Niliwahi kumwona amesimama njiani akisikiliza, kichwa upande, kisha akaendelea.

Muongo ule ulipokuwa ukiishia, nilihamia Fizi, juu mlimani, kwa sababu ya kifua. Hewa ya ziwa ilikuwa imeanza kunikaba. Baraza mpya, cherehani ile ile. Asubuhi moja ya soko, ukungu ukiwa mzito hata wauzaji walikuwa wakiitana kwa majina ili wajue nani yuko wapi, mtu alijitokeza ndani yake akapanda ngazi yangu. Bega moja chini ya jingine, bila kodiani.

"Fundi. Huku unapimaka bantu ao unapima bukungu?"

"Baba! Umepanda kwa miguu?"

"Ningepanda na nini? Niko na mabawa?" Akakaa. Nilimpa chai, akaomba sukari, akaongeza, akaongeza tena. Kisha akaniambia kwamba mama wa Lubondja alipita kwake, miaka yote hii baadaye, akamwachia kikapu cha unga mlangoni.

"Nikamuambia aksanti. Akasema, 'Hapana, ni mi nasema aksanti. Umuambie bibi yako aksanti ya nguo.'" Alinitazama. "Nguo gani, fundi?"

Wazee waliokubaliana ufukoni walikuwa mbali, na wengine walikwisha kufa. Nikamwambia.

Aliuliza kama mtu anayesikiliza pale sauti zinapokosea. Gauni la mwaka gani? La maua ya njano. Lilikuwa limechakaa? Kidogo. Vifungo vyote vilikuwapo? Vyote. Nikamweleza juu ya bega.

"Lilishonwa na mashini?"

"Kwa mkono."

"Namna gani? Nionyeshe."

Nilichukua kipande cha kitambaa nikajaribu kuuiga mshono ule. Haukutoka, wangu uliegemea upande mmoja, ule niliouona uliegemea upande wa pili. Nikajaribu tena. Mwishowe nikahamisha sindano nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikashona vibaya kama mtoto, na ukatoka. Nikampa.

Aliuweka gotini, akaufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Bibi yangu, mama yake alimupigaka sababu ya ule mukono," alisema. "Kwa bantu alikula na kuume, alisalimia na kuume, alilima na kuume. Hakuna muntu alijua. Kushona tu njo alishonaka na kushoto. Na alifungaka mulango kwanza."

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Muuzaji mmoja aliita jina la mwenzake, akajibiwa.

"Tangu ile siku nilifikiri nimemufungia inje," alisema Baba Kodiani. "Kumbe yeye njo alimutoa ule mutoto. Akamufunika." Akakikunja kile kipande. "Fundi, inuka. Pima."

Alisimama, akanyoosha mikono. Ngozi ilikuwa imelegea kwenye viwiko, lakini mduara ulijifunga vizuri. Nilipitisha utepe. Nikamwambia kwamba ameongezeka.

"Njo vile. Amezeeka. Tumezeeka."

"Nani atalipeleka? Yule mvuvi wako alihama."

"Mi mwenyewe. Wimbo imefungwa, maji haina tena njia ya kunivuta. Nitapanda pirogi kama bantu bote. Na kodiani nitabeba."

"Utapiga nini? Ule umekwisha."

"Ingine," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu.

Nilimchagulia kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, cha buluu iliyokolea, nikakitandaza mezani, nikakikata. Nilipovuta cherehani karibu, alinishika mkono.

"Kata tu. Usishone. Atashona mwenyewe."

Basi nikavikunja vipande kwa mpangilio wake, mbele, nyuma, mikono, pindo, nikachomeka sindano juu ya bega. Macho ya mtu mzima husumbuka kutunga uzi, kwa hiyo niliutunga mimi. Fundo nililifunga kwa mkono wa kushoto.